Alitolewa utumbo mpana, sasa sukari imepanda: je, ni upasuaji?

Shikamoo Daktari,

Mimi ni mama wa watoto wanne, tunaishi Ng'ambo hapa Tabora mjini. Nakuandikia kwa ajili ya mume wangu mwenye miaka 54, maana nyumbani tumefika mahali hatusikilizani tena.

Miaka mitatu iliyopita tumbo lilimvimba ghafla, hapati choo, hatoi hewa, anatapika. Hospitali wakasema utumbo umejinyonga. Ilikuwa mara ya pili; mara ya kwanza walimpitishia mpira kwa nyuma, ukajifungua, tukarudi nyumbani. Safari hii ilibidi wamfungue tumbo, na wakakuta utumbo umevimba sana na sehemu kubwa imeshakuwa nyeusi. Wakaondoa utumbo mpana karibu wote. Alikaa na mfuko ubavuni kwa miezi kadhaa, halafu wakamfunga, wakaunganisha utumbo mwembamba na kipande cha mwisho kilichobaki. Alipona, tunamshukuru Mungu. Anaenda choo mara nne au tano kwa siku, choo laini, tumeshazoea.

Shida imeanza mwaka huu. Anakunywa maji hatosheki, usiku anaamka kukojoa kila saa, suruali zinamvuka. Tulipopima zahanati sukari ilikuwa 13. Wakamwambia arudi asubuhi kabla hajala, ikasoma 8.9, na siku nyingine 8.6. Hospitali wakamwandikia metformini, asubuhi moja na jioni moja. Haikupita wiki akawa anaharisha mchana na usiku, misuli ya miguu inamkaza mpaka analia. Akaziacha, na sasa hataki kusikia dawa ya hospitali.

Mdogo wake ndiye anayekoleza moto. Anasema kaka yake hakuwahi kuwa na sukari, kwamba madaktari walimkata kongosho wakaficha, na anataka twende tukadai fidia. Mimi nakumbuka mama mkwe wangu, marehemu, naye alikuwa na sukari mpaka anafariki, lakini nikisema hivyo naonekana nawatetea madaktari. Shemeji huyohuyo kamletea mizizi ya kuchemsha inayomharisha zaidi, na kamkataza ugali kabisa. Mume wangu ni mfanyabiashara wa asali, na tangu namjua anaamini asali ni dawa. Anakoroga vijiko viwili vikubwa kwenye maji ya moto asubuhi na jioni, anasema hiyo si sukari.

Kijana wetu aliye chuo Dar es Salaam amesoma kwenye simu kwamba utumbo mpana unatoa homoni ya kushusha sukari, na kwamba homoni hiyohiyo inauzwa kama sindano, ndizo watu wanachoma kupunguza unene. Anataka tuchange tumnunulie baba yake mtandaoni.

Naomba unieleze. Ni kweli kutolewa utumbo kunaleta sukari? Atatumia dawa gani isiyomharisha? Na hiyo sindano tuinunue?

Mama wa Ng'ambo, Tabora

*

Marahaba mama, na pole sana kwa kuuguza na kwa kelele za nyumbani. Umeeleza kila kitu kwa mpangilio, na namba ulizoziandika zimenisaidia sana.

Kabla hatujafika kwenye homoni kuna jambo lisilosubiri. Ile mizizi aiache leo. Sijui ni mti gani na sina haja ya kuujua: mtu asiye na utumbo mpana hapaswi kunywa kitu chochote kinachomharisha. Kwa mtu mzima mwenye afya, lita moja hadi moja na nusu ya majimaji huingia kwenye utumbo mpana kila siku, na karibu yote hufyonzwa humo pamoja na chumvi yake. Kinachotoka na choo hakifiki hata robo lita. Mumeo hana tena sehemu hiyo. Utumbo mwembamba umejifunza kufyonza zaidi ya zamani, ndiyo maana amefikia choo mara nne au tano tu, lakini hana akiba. Akiharisha kidogo, anapoteza maji na chumvi haraka kuliko mimi na wewe. Juu ya hapo, sukari ikiwa nyingi kwenye damu figo huitoa kwa mkojo, na sukari haitoki peke yake, inatoka na maji. Kwa hiyo anakauka kwa njia mbili kwa wakati mmoja, na hiyo misuli inayokaza ni dalili ya chumvi iliyopungua.

Maji matupu kwa wingi hayatamsaidia sana, na yakizidi yanaweza kumzidishia choo. Mpe ORS. Najua mtaogopa kwa sababu ina sukari, na nimeona wagonjwa wa kisukari wakinyimwa ORS nyumbani kwa woga huo huku wanakauka. Mchanganyiko wa kawaida una gramu 13.5 za glukosi kwa lita nzima, yaani kama vijiko vitatu vya chai. Chupa moja ya soda ina zaidi ya mara mbili ya hiyo. Na glukosi ile haijawekwa kwa ladha: kwenye ukuta wa utumbo mwembamba, glukosi na chumvi huingia pamoja kupitia mlango mmoja, na maji huzifuata. Soma pakiti ujue ni ya lita moja au nusu lita, changanya kama ilivyoandikwa, anywe kidogo kidogo kutwa nzima siku anazoharisha.

Akianza kutapika, akapumua kwa kasi na kwa kina, akachanganyikiwa, au akakaa nusu siku bila kukojoa, mpelekeni hospitali usiku huohuo. Hali kadhalika tumbo likimkaza na kuvimba huku hatoi choo wala hewa, kwa sababu aliyewahi kupasuliwa tumbo anaweza kuziba utumbo miaka mingi baadaye.

Sasa swali lako. Je, upasuaji ndio umeleta sukari? Jibu langu ni kwamba inawezekana umechangia, lakini siamini kuwa ndio sababu peke yake. Kongosho ni suala jingine kabisa. Kongosho liko nyuma ya tumbo la chakula, na upasuaji wa kuondoa utumbo mpana hauligusi kwa kulikata. Kila kilichoondolewa huandikwa kwenye ripoti ya upasuaji. Mumeo ana haki ya kuomba nakala yake, na nakushauri muiombe, si kwa ajili ya ugomvi bali kwa sababu kila daktari atakayemwona kuanzia sasa anahitaji kujua nini kimebaki tumboni. Shemeji naye aisome.

Kijana wenu amesoma jambo la kweli, ila amelisoma nusu. Watu wengi, hata baadhi yetu tunaovaa makoti meupe, tumezoea kuuona utumbo mpana kama bomba la taka tu. Siyo. Ukuta wa utumbo una chembe ndogo zinazotoa homoni kwenye damu kila tunapokula. Dalili kwamba ziko ni hii: ukimnywesha mtu glukosi, kongosho hutoa insulini, ile homoni inayoshusha sukari, kwa wingi kuliko ukimpa glukosi kwa mshipa mpaka damu ifike kiwango kilekile. Chakula kinapopita kwenye utumbo, utumbo unaliambia kongosho lijiandae.

Homoni mbili ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya ujumbe huo. Ya kwanza inaitwa GIP, inatoka sehemu ya juu ya utumbo mwembamba, ambayo mumeo anayo yote. Ya pili ni GLP-1, na hii ndiyo ya kijana wenu. Inatoka kwenye chembe zinazoitwa seli L, ambazo ni chache juu na huongezeka kadiri unavyoshuka: nyingi ziko mwishoni mwa utumbo mwembamba na ndani ya utumbo mpana. GLP-1 hulihimiza kongosho kutoa insulini pale tu sukari inapokuwa imepanda, huzuia glukagoni ambayo kazi yake ni kuliambia ini limwage sukari, hupunguza kasi ya chakula kutoka tumboni, na hufikisha ubongoni habari kwamba mtu ameshiba. Seli hizohizo hutoa homoni nyingine iitwayo PYY, ambayo nayo hutuliza njaa na kupunguza mwendo wa chakula.

Mtu anaweza kuuliza: chakula huchukua saa nyingi kufika utumbo mpana, na sukari inapanda ndani ya nusu saa, sasa huko chini kunahusika vipi? Swali hilo ni zuri na linaeleza kwa nini mumeo hakupata sukari siku alipotoka theatre. GLP-1 ya dakika za kwanza baada ya mlo inatoka zaidi kwenye utumbo mwembamba, na utumbo mwembamba anao. Kwa hiyo homoni hiyo haijaisha mwilini mwake. Imepungua vyanzo.

Mchango wa utumbo mpana ni wa polepole. Humo wanaishi bakteria wengi kuliko mahali pengine popote mwilini. Nyuzinyuzi za maharage, mboga na nafaka isiyokobolewa, ambazo sisi hatuwezi kuzimeng'enya, wao huzichachusha na kutengeneza asidi za mafuta fupi: asetati, propionati na butirati. Asidi hizi huziamsha seli L zilizo jirani. Ndiyo sababu mtu mwenye utumbo mzima akila kunde au shayiri nzima jioni, sukari yake baada ya kifungua kinywa cha asubuhi hupanda kwa kiasi kidogo zaidi. Chakula cha jana kinamsaidia leo. Mumeo hawezi kuutegemea msaada huo kama zamani, maana nyumba ya wale bakteria imeondolewa karibu yote.

Je, kwa watu halisi hili linaonekana? Denmark wana kumbukumbu za wagonjwa za nchi nzima, na mwaka 2018 watafiti wa huko walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watu waliokatwa utumbo mpana. Kila mmoja walimlinganisha na watu 15 waliofanyiwa upasuaji wa aina nyingine. Waliotolewa utumbo mpana wote, watu 3,793, walikuwa na uwezekano wa kupata kisukari cha aina ya pili uliozidi wa wenzao kwa asilimia 40. Waliotolewa upande wa kushoto ilikuwa karibu hivyohivyo. Waliotolewa kile kipande cha chini chenye kona, ambacho ndicho hujinyonga kama ilivyomtokea mumeo, ilikuwa asilimia 30. Waliotolewa upande wa kulia hawakuonyesha tofauti ya wazi. Hilo linaendana na mpangilio wa seli L, ambazo ni nyingi zaidi kuelekea mwisho.

Usiisome hiyo asilimia 40 kwa hofu. Tuseme kati ya watu 100 wa umri na ukoo kama wake, 10 wangepata sukari bila kukatwa chochote. Ongezeko la asilimia 40 lingewafanya kuwa 14. Walio wengi wasingeipata. Na utafiti wa kumbukumbu unaonyesha mambo mawili yanayotembea pamoja, hauthibitishi kwa mtu mmoja kwamba hili ndilo lililozaa lile. Mumeo amefika miaka 54, mama yake mzazi alikuwa na sukari, na kila siku anakunywa vijiko vinne vikubwa vya asali. Ukiniambia nigawe lawama, nitaanza na hayo kabla ya kisu.

Na kisu kile, mama, kiliokoa maisha. Utumbo uliojinyonga mpaka ukawa mweusi umeshakufa. Ukiachwa ndani unapasuka, sumu inasambaa tumboni na mtu anakufa. Kama familia ina malalamiko kuhusu alivyohudumiwa, hospitali zina utaratibu wa kupokea malalamiko na mna haki ya kuutumia. Ila kudai fidia kwa sababu ya kongosho ambalo halijakatwa kutawamalizia nauli na amani bure.

Tuje kwenye vipimo. Sukari ya kabla ya kula ikiwa 7.0 au zaidi mara mbili ni kisukari, kwa hiyo 8.9 na 8.6 hazina ubishi. Siyo mbaya kupita kiasi, inatibika. Pengine mtaambiwa apime kile kipimo cha wastani wa miezi mitatu, HbA1c. Ni kizuri, lakini kinasoma sukari iliyoganda kwenye chembe nyekundu za damu, hivyo mwenye selimundu, aliyeongezewa damu karibuni au mwenye upungufu wa damu anaweza kupata jibu linalodanganya. Kama mumeo ana mojawapo, aseme. Kwake mashine ya kidole inabaki kuwa ya kuaminika zaidi: asubuhi kabla ya kula, na mara mojamoja saa mbili baada ya chakula, maana kwa watu wa aina yake sukari ya baada ya mlo ndiyo huwa inaruka.

Kuna kitu kimoja kwenye barua yako ambacho nisingependa kipite: suruali zinamvuka. Kukonda kunaweza kuwa ni sukari tu na kuharisha. Hata hivyo, mtu wa umri wake anayepata sukari huku anakonda aangaliwe zaidi. Apimwe ketoni kwenye mkojo, yaani mabaki ya mafuta ambayo mwili huyaunguza insulini ikipungua, apimwe kifua kikuu hasa kama anakohoa au anatoka jasho usiku, kwa sababu sukari na kifua kikuu hupendana, na daktari aamue kama tumbo linahitaji kupigwa picha ya ultrasaundi. Apimwe na figo kabla ya dawa yoyote kurudishwa.

Kuhusu dawa, metformini si adui. Ni dawa nzuri, ya bei nafuu, na miongoni mwa kazi zake huongeza hata hiyo GLP-1. Lakini kuharisha ni madhara yake yanayojulikana, na kwa mwili usio na utumbo mpana dozi ya kawaida ya kuanzia inaweza kuwa nyingi. Daktari anaweza kumwanzishia kwa kidonge kimoja tu kwa siku, katikati ya mlo, akaongeza polepole kwa wiki kadhaa. Iko pia aina inayoyeyuka taratibu, kwenye pakiti huandikwa XR au SR. Kwa watu wengi hiyo hupunguza kuharisha, ila kwa mumeo chakula kinapita haraka na dawa inaweza kutoka kabla haijamaliza kazi. Hapo daktari ndiye aamue, akijua historia yote. Siku yoyote anayoharisha sana au kutapika, metformini isimamishwe mpaka apate nafuu, maana mwili ukikauka figo hushindwa kuitoa. Metformini pia hupunguza vitamini B12, na hiyo B12 hufyonzwa mwishoni kabisa mwa utumbo mwembamba, palepale walipounganisha. Akianza kuhisi ganzi miguuni, msikimbilie kusema ni sukari tu.

Ikimshinda kabisa, zipo njia nyingine, na hapa ndipo elimu ya homoni inapata matumizi. GLP-1 inayotoka mwilini haidumu, baada ya dakika mbili hivi nusu yake imeshavunjwa na kimeng'enya kinachoitwa DPP-4. Vidonge kama sitagliptini na vildagliptini hukizuia kimeng'enya hicho, hivyo ile GLP-1 kidogo anayotengeneza bado inakaa muda mrefu zaidi. Kwa kawaida havisumbui tumbo sana na peke yake havishushi sukari kupita kiasi. Bei yake ni kubwa kuliko ya metformini, lakini kwa mgonjwa wa aina hii ningependa jina hilo litajwe kliniki. Glibenklamidi na jamaa zake ni rahisi kupatikana, ila hulisukuma kongosho hata kama mtu hajala, na mtu aliyekatazwa ugali na shemeji anaweza kuanguka kwa sukari kushuka. Zile zinazotoa sukari kwa mkojo, dapagliflozini na empagliflozini, hutoa na maji pia. Kwa mtu anayekauka kama yeye ningeziogopa. Insulini ipo, na wala si hukumu: daktari akiona ketoni au kukonda kunaendelea, ndiyo itakayomrudishia mwili.

Sindano sasa. Mwambie kijana wenu kwamba nimependa alivyosoma kwa ajili ya baba yake, halafu mwambie asinunue. Sindano hizo zimetengenezwa kuiga GLP-1 lakini zikakaa mwilini siku nyingi badala ya dakika. Hazirudishi kile kilichoondolewa, zinaleta kiwango kikubwa kuliko utumbo wowote unavyotoa. Zinaondoa hamu ya kula na zinapunguza uzito, wakati mumeo anakonda. Madhara yake ya kawaida ni kichefuchefu, kutapika na kuharisha, wakati mumeo anakauka. Na zinahitaji kukaa kwenye ubaridi tangu kiwandani; kitu kilichonunuliwa mtandaoni na kusafiri kwa basi hadi Tabora kwenye joto, hakuna anayejua kilichomo. Siku moja daktari bingwa anaweza kuona zinamfaa. Siku hiyo si leo, na muuzaji wa mtandaoni si daktari.

Hizo fedha za mchango zinunulie mashine ya kupimia sukari na vipimio vyake.

Asali naiandika kwa uangalifu, maana najua ndiyo inayolisha nyumba na najua Tabora inavyojivunia asali yake. Karibu asilimia 80 ya asali ni sukari, hasa fruktosi na glukosi, na sehemu kubwa ya kilichobaki ni maji. Iwe ya nyuki wakubwa au wadogo, iwe mbichi kutoka Sikonge, kwenye damu ya mumeo inapanda. Kijiko kikubwa kimoja kina sukari ya gramu 17 hivi, kwa hiyo anakunywa karibu gramu 70 kwa siku akidhani anajitibu. Aendelee kuuza, aache kunywa. Ibaki chupa ndogo kabatini kwa kazi moja tu: akishapewa dawa, siku atakapotetemeka na kutokwa jasho na mashine ikasoma chini ya 4, kijiko kikubwa kimoja kitamrudisha, kisha apime tena baada ya dakika 15.

Ugali msimnyime. Mwili wake unahitaji nguvu, na ugali huleta uzito kwenye choo chake. Apunguze ukubwa wa tonge na idadi, ale kidogo mara nyingi badala ya mlima mmoja mchana, na aanze na mboga na maharage au samaki ndipo ugali ufuate. Mlenda ni rafiki yake mkubwa. Ule utelezi, kama wa bamia, ni nyuzinyuzi laini zinazopunguza kasi ya sukari kuingia kwenye damu, na kazi hiyo hufanyika kwenye utumbo mwembamba, haihitaji utumbo mpana wala bakteria. Mlenda wa karanga zilizosagwa, kisamvu, mayai, migebuka inayoletwa kutoka Kigoma, vyote ni vyema. Michembe na matobolwa ni sukari iliyokaushwa pamoja na wanga, hivyo ale vipande vichache, visiwe chakula cha kutafuna kutwa. Embe dogo moja baada ya mlo, siyo kapu la msimu. Uyoga, mahindi ya kuchoma na karanga nzima atafune mpaka vilainike, maana vikimezwa vipandevipande vinaweza kuziba. Muwa auache.

Mkirudi kliniki, wewe uwe naye, na neno la kwanza mlitamke kabla ya kueleza sukari: huyu hana utumbo mpana. Daktari mwenye foleni ndefu anaona karatasi iliyoandikwa kisukari na kuandika metformini mbili kwa siku, na hana namna ya kujua kilicho chini ya shati. Beba ripoti ya upasuaji, beba daftari la vipimo, andika humo na mara anazokwenda choo kwa siku. Mume wako akikataa kwenda kwa sababu ya kilichompata mwanzo, mwambie kwamba dawa ile haikumshinda kwa kuwa mwili wake umeharibika. Alipewa kipimo cha mtu mwenye utumbo mzima, na kipimo hubadilishwa. Shemeji akitaka kuja, aje. Asikie mwenyewe, aulize mwenyewe mbele ya daktari, na ile mizizi aje nayo kwenye mfuko aionyeshe.